Mpishi Aliyeitwa Mkandarasi

Chama cha ushirika nilikokuwa karani kilipofunga ofisi zake, tulipewa barua za kupunguzwa kazi na hotuba fupi. Tuliambiwa biashara sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Nilirudi nyumbani Lupepo, nikakaa msimu mzima wa mvua nikisafisha migomba ya mama na kusikiliza tetesi kwamba ushirika utafufuliwa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na ujuzi wangu ulikuwa mmoja: kupiga chapa bila kutazama vidole.

Aliyenitoa shambani alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mjane, mkazi wa Msasani pale Tukuyu. Alikuwa amenunua taipureta ya ushirika wetu kwenye mnada. Alipofika nayo nyumbani akagundua hajui kuitumia, akauliza ni nani aliyekuwa akiitumia. Ndivyo nilivyopata kazi. Niliifuata mashine.

Biashara yake ilikuwa ya shughuli. Alikodisha maturubai, viti, sahani na sufuria kubwa, na pamoja navyo alipeleka watu wa kupika na kuhudumia. Zamani kwetu harusi haikuhitaji hayo. Mabenchi yalitoka shuleni, sahani zilitoka kwa majirani, na wapishi walikuwa wanawake wa ukoo. Lakini Tukuyu ilikuwa na walimu, waganga na maofisa waliohamishiwa huko kutoka Songea, Bukoba, Moshi, watu wasio na shangazi hata mmoja upande huu wa nchi. Hao nao walioza mabinti. Mwalimu aliliona pengo hilo kabla ya mtu mwingine, akalijaza.

Sisi tuliomfanyia kazi tulimwita tajiri tukiwa peke yetu, kama watu wanavyomwita mwenye gari. Mbele yake tulimwita Mwalimu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali kwa vumbi na kwa uongo. Jumapili hakukubali shughuli yoyote kabla ya ibada kwisha. Vyombo vikirudi stoo alivihesabu mwenyewe, na kikombe kikipasuka alitaka kuambiwa ukweli tu, akishaambiwa, alinyamaza.

Watu wake walikuwa kumi na watatu. Wahudumu wanane, wengi wao wasichana wa mjini waliomaliza darasa la saba. Fundi mmoja wa maturubai na msaidizi wake. Wapishi watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Isongole, mnene, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amepikia wanafunzi wa bweni kwa miaka mingi. Huyo alikuwa na uwezo wa kutazama umati wa watu na kusema ni ndizi ngapi zitatosha. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, r zake zote zikiwa l. Tulikuwa pia na mwenye muziki, kijana mwenye jenereta na spika, lakini yeye alikuja na kuondoka apendavyo.

Wazo la karatasi ya kusaini lilianza na mteja. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu msomi, ambaye tulimfanyia shughuli ya binti yake. Baada ya kula alikaa na Mwalimu kwenye viti vilivyobaki, akamuuliza kama watu wake amewaajiri. Mwalimu akasema anawaita kukiwa na kazi.

"Basi andika hivyo," yule bwana akasema. "Ukiwa na waajiriwa utadaiwa michango ya akiba, likizo, fidia mtu akiumia. Andika kwamba kila mmoja ni mkandarasi wa kujitegemea. Wasaini. Umemaliza."

Siku ya Jumatatu Mwalimu aliniambia niandae hiyo karatasi. Niliipiga chapa asubuhi moja. Nakumbuka maneno yake kwa sababu niliyachagua mimi: "Mimi niliyetia saini hapa chini ni mkandarasi wa kujitegemea, wala si mwajiriwa. Naifanya kazi kwa njia zangu mwenyewe. Lolote litakalonipata kazini ni juu yangu." Nilipofika kwenye "njia zangu mwenyewe" vidole vilisita kidogo. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeona Mwalimu akimrudisha msichana mmoja nyumbani kwa sababu kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha bluu na wenzake walivaa vyeupe. Nilisita, kisha nikaendelea. Ilikuwa kazi ya chapa, na nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kuwa nayo.

Waliitwa stoo, nikawasomea. Wengi walicheka.

"Mkandarasi si yule wa barabara?" fundi wa maturubai aliuliza. "Mwenye katapila?"

"Kumbe mimi mkandalasi," mpishi mkuu alisema, akijitazama mikono. "Mkandalasi wa mbalaga, wa kupika ndizi."

Akaichukua karatasi, akaisoma yote polepole, kwa maana alijua kusoma, kisha akaniuliza mimi, si Mwalimu, "Hili la mwisho, la kunipata, lina maana gani?"

"Ukiumia," nikamwambia.

"Nikiumia ni juu yangu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alimtazama Mwalimu, aliyekuwa anafuta sinia lililokuwa tayari safi. Akasaini. Wote walisaini. Kwa wiki kadhaa waliitana mkandarasi, kisha utani ukaisha.

Ajali ilitokea mwezi Aprili, kwenye harusi ya mwalimu wa sekondari, uwanja wa nyumba moja pale pale Msasani. Wanaoijua Tukuyu wanajua Aprili yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano. Mwalimu alikuwa amewanunulia wapishi mabuti ya mpira, jozi tatu, kwa kuwa walikuwa wakipika kwenye tope kwa kandambili na alikuwa amewaonea huruma. Tulipanga mafiga ya mawe chini ya turubai, tukaweka vipande vya mbao juu ya tope ili wapishi wasimame. Karibu saa nne asubuhi sufuria kubwa ya supu ilikuwa inatokota. Nilikuwa hatua chache pembeni nikihakiki sahani. Nilimsikia mpishi mkuu akisema neno moja la Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nilipogeuka figa moja lilikuwa limezama na sufuria imelala ubavu.

Supu ilimwagikia mguu wake wa kulia, ikaingia ndani ya buti.

Watu walikimbilia maji. Mwalimu ndiye aliyefika kwanza. Alimkalisha chini kwenye tope, akachukua kisu cha nyama, akalipasua lile buti kuanzia juu hadi kisigino kwa mkato mmoja, kama mtu anayepasua ndizi. Alifanya vizuri na kwa haraka. Hata hivyo raba ilikuwa imeshika joto, na tulipolivua, ngozi ilitoka pamoja nalo. Mpishi hakulia. Alisema, "Angalieni moto usizimike." Tulimpakia kwenye pikapu ya vyombo tukampeleka hospitali. Harusi iliendelea, na chakula kilitosha.

Alilazwa wiki nyingi. Mwanzoni Mwalimu alikwenda kila siku na uji na mayai. Alilipa dawa. Alimtuma fundi wa maturubai Isongole kumsaidia mume wa mpishi kuchimba viazi. Sisi tulimwona kama mtu mwema, na alikuwa mtu mwema. Lakini mwezi wa pili wa kulazwa kwake kulikuwa na shughuli nyingi, akaenda mara moja kwa wiki, kisha akawa ananituma mimi. Kidonda kwenye unyayo kilikuwa hakifungi.

Wodini kulikuwa na muuguzi mwenyeji wa Kagera, mwanamke wa maneno machache. Siku moja nilipofika na kikapu alinisimamisha mlangoni.

"Huyu mama aliumia kazini?"

"Ndiyo."

"Kazini kwa nani?"

Nikamweleza habari ya karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe uliyeiandika, unaiamini?" Nikasema mimi ni karani tu. Akaniacha, akaenda kuzungumza na mgonjwa. Baadaye nilijua alimweleza kwamba mkoani Mbeya kuna afisa kazi, na kwamba afisa huyo huja Rungwe mara kwa mara kukagua mashamba ya chai.

Mpishi alipotoka hospitali alikuja kwa Mwalimu akitembelea fimbo, yeye na mumewe. Walikaa sebuleni. Mume, mkulima aliyezoea kuongea na ng'ombe kuliko watu, alitazama sakafu muda wote. Mpishi alisema anamshukuru Mwalimu kwa yote. Ndaga fijo, alisema, mara mbili. Kisha akasema anataka kujua siku ile alikuwa kwenye kazi ya nani.

"Ulikuwa kwenye kazi yako," Mwalimu alisema. "Tulikubaliana. Uliisoma karatasi mwenyewe."

"Niliisoma."

"Lakini sijakuacha. Sijasema nitakuacha. Nimekusaidia, na nitaendelea kukusaidia."

"Najua, Mwalimu. Lakini msaada ni mali ya anayetoa. Akichoka, umekwisha. Mimi mguu wangu hautachoka kuuma."

Nilimwona Mwalimu ameumia, na nadhani aliumia kwa haki: alikuwa amelipasua lile buti kwa mkono wake, na sasa mtu yule yule alikuwa anamwambia hiyo haitoshi. Alisimama akasema kama wanataka kwenda serikalini waende.

Walikwenda. Afisa kazi alitusikiliza kwenye chumba kimoja cha bomani, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito na taa iliwashwa mchana. Alikuwa mtu wa pwani kwa lafudhi yake, mwembamba, amevaa sweta mbili. Tulikuwa watano: yeye, Mwalimu, mpishi, mumewe, na mimi niliyeitwa kama shahidi wa karatasi. Aliisoma, akaiweka pembeni, akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Nilidhani ni dharau. Kumbe alikuwa hana tu mahali pengine pa kuweka kikombe.

"Mama," alimwambia Mwalimu, "karatasi nimeiona. Sasa nataka kuijua kazi yenyewe. Sufuria zilikuwa za nani?"

"Zangu. Lakini mwiko alikuja nao mwenyewe."

"Vizuri, mwiko wake. Nani alimwambia apike nini, saa ngapi?"

"Wenye harusi wanachagua."

"Wanamwambia yeye?"

"Wananiambia mimi. Mimi namwambia yeye."

"Chakula kikiungua, wenye harusi watamdai nani?"

Mwalimu alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hata pale ambapo ungemfaa. "Watanidai mimi," alisema. "Jina ni langu."

Akauliza habari ya mwenye muziki. Mwalimu akaeleza: jenereta yake, spika zake, vijana wake, bei anataja yeye, na mara tatu amekataa shughuli zetu kwa sababu ana nyingine. Afisa akaandika, akasema, "Huyo ni mfanyabiashara mwenzako. Hatuna ugomvi juu yake." Kisha akamgeukia mpishi.

"Wewe uliwahi kukataa?"

"Kukataa kazi? Hapana, mwanangu. Ningekataa nile nini?"

"Ukipata harusi yako mwenyewe, mtu kakuita moja kwa moja, ungeenda?"

"Niliwahi kuitwa. Mwalimu alisema nikienda nisiludi."

"Na yale mabuti?"

"Nilinunua mimi," Mwalimu alidakia. "Kwa huruma. Tope lile..."

"Siku ya kwanza ya mabuti nilikuja na kandambili," mpishi alisema bila hasira. "Mwalimu akaniludisha stoo nikabadilishe."

Afisa alikunywa chai. Kisha akanigeukia mimi.

"Karani. Mtu anayejitegemea anaweza kutuma mwenzake amfanyie kazi, mradi kazi iishe. Huyu mama aliwahi kutuma mtu badala yake?"

Nilijua jibu. Mwaka mmoja kabla, mtoto wa mpishi alikuwa na malaria, akamtuma mdogo wake, mpishi mzuri vilevile. Mwalimu alimrudisha yule dada kutoka getini. Mimi nilikuwa pale na daftari langu la zamu. Mwalimu alikuwa ananitazama. Sikuona tishio machoni mwake. Nilikumbuka nilivyokaa Lupepo msimu mzima wa mvua, na nilijua ninaweza kurudi huko. Ningeweza kusema sikumbuki. Watu wengi husema hivyo mbele ya meza za serikali, na wala hawafikiriwi vibaya.

"Alituma mdogo wake," nilisema. "Akarudishwa."

"Kwa maneno gani?"

"Mwalimu alisema, 'Mimi nilimwita yeye, sikukuita wewe.'"

Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali hesabu ya vyombo.

Afisa alisema karatasi haiwezi kumgeuza mtu. Mtu anayepangiwa saa, vazi, chombo na namna ya kufanya, ambaye hawezi kumtuma mwenzake wala kwenda kwingine, huyo ni mfanyakazi, hata kama anaitwa siku mbili kwa wiki na hata kama amesaini kwamba yeye ni askofu. Mume wa mpishi alicheka hapo, mara moja, kisha akaona aibu. Afisa alisema fidia italipwa kwa mujibu wa sheria, na akaeleza utaratibu wake.

Nilitembea na Mwalimu kurudi Msasani. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Tulipita soko, tukapita kanisa. Karibu na nyumba yake alisimama kana kwamba anapumzika.

"Ulisema kweli," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ila hukuijua leo. Uliijua siku ile unaipiga chapa karatasi. Ungeniambia siku ile."

Nikasema, "Pole, Mwalimu," neno ambalo kwetu huombea radhi pia.

Alilipa yote, kwa wakati. Baada ya hapo alikaa nami siku mbili, tukapanga upya mambo yake. Wapishi, fundi wa maturubai, msaidizi wake na wahudumu wanne walipewa barua za ajira. Wahudumu wengine wanne hawakuitwa tena, kwa kuwa alisema hawezi kubeba wote. Mmoja wao, binti mwenye mdomo mwepesi, alinikuta dukani akaniambia, "Karani, wakubwa mmepata barua. Sisi tulikuwa wakandarasi, angalau tulikuwa kitu." Alikwenda Mbeya kuuza mitumba. Sikuwahi kusikia kama ilimwendea vizuri.

Kuhusu barua yangu mwenyewe, nilichelewa. Mwalimu aliniambia niipige chapa kama za wengine naye aisaini. Wiki zikapita. Nilijipa sababu za utepe wa mashine na karatasi kuisha. Ukweli ni kwamba mtu mwenye barua ya Mwalimu asingekuwa tena mtu wa ushirika anayesubiri kuitwa. Siku nilipoipiga, niliiandika fupi kuliko zote, mistari minne, na mikono ilifanya kazi bila kusita.

Mpishi alirudi kazini baada ya miezi kadhaa. Alikuwa anachechemea na hakusimama tena muda mrefu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mafiga na kuongoza wenzake kwa mwiko. Yeye na Mwalimu waliongea mambo ya kazi tu. Hawakuwa maadui. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, lakini ule ukaaji wa zamani, wa kunywa chai pamoja kwenye ngazi za stoo baada ya shughuli, ulikuwa umekwisha, na wote wawili walionekana kulijua hilo bila kulizungumza.

Miaka miwili baadaye dada wa Mwalimu alifariki. Msiba uliwekwa pale Msasani. Asubuhi ya kwanza nilifika mapema kufungua stoo, nikamkuta mpishi ameshafika kutoka Isongole, amekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, akiwagawia wanawake wa kanisani ndizi za kumenya. Alikaa siku tatu. Alipika chakula cha waombolezaji wote, akalala kwenye majani ya migomba na wengine.

Siku ya pili nilimfuata na daftari. Nilikuwa na hakika kwamba ni wajibu wangu, baada ya yote yaliyopita. Nikamuuliza kwa heshima kama niandike siku zake, maana vyombo vilikuwa vya stoo na wapishi wenzake wawili nao walikuwepo.

Aliacha kumenya. Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria isiyojua kuchemka.

"Uandike nini? Amefiwa."

Mwalimu alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge kiunoni, macho yamevimba. Sijui kama alisikia. Alishuka ngazi, akaja akakaa kwenye lile gogo, akachukua kisu na ndizi.

"Nyembamba zaidi," mpishi alimwambia baada ya muda. "Unapoteza nusu ya ndizi."

Mwalimu akapunguza. Nikarudisha daftari stoo, kisha nikaenda kusaidia kupasua kuni.